Kabambare: nukta moja kwenye faili ya beto yasimamisha paa la shule

Karatasi ilikuwa moja tu, iliyotolewa kwa printa ya mtu wa fotokopi karibu na soko la Kasongo. Juu yake mliandikwa jina la shantie, tarehe, na maneno «Beto ya nguzo, siku 28». Chini zilifuatana namba tatu: 14.2, kisha 21,0, kisha 22,4. Mwisho, kwa wino mzito: wastani 21,7. Mkataba uliomba 20. Basi nguzo zilikuwa zimepita, na fundi wa paa aliyekuwa akingoja juma mbili angeweza kupandisha mbao.

Aliyeikataa karatasi hakuwa enjenia. Ni mama mmoja, mweka hazina wa kamati ya wazazi wa shule hiyo ya msingi, katika teritwari ya Kabambare, upande wa mto Luama. Kazi yake ni kuuza unga wa muhogo na mafuta ya mawese, na michango ya wazazi anaiandika katika daftari, mstari kwa mstari. Alitoa simu yake, akajumlisha zile namba tatu, akagawa kwa tatu. Simu ikasema 19,2. Akarudia. Bado 19,2. Jioni ile ile alimpa karatasi kijana wa pikipiki aliyekuwa akienda Kasongo, na maneno ya kupeleka: «Umwambie mwanangu wa laboratwari kwamba hesabu yake na ya simu yangu hazikubaliani. Aangalie tena, sisi tunangoja.»

Inafaa kueleza kwanza namba hizo ni za nini, kwa sababu wakaaji wengi huona vijana wakijaza beto katika mikebe ya chuma na kudhani ni mchezo wa wazungu. Beto ikimwagwa kwenye nguzo, sehemu ndogo ya beto ile ile hujazwa katika silinda zenye upana wa sentimita 16 na urefu wa sentimita 32. Silinda hukaa ndani ya maji. Kwa kawaida zinafanywa sita: tatu zinavunjwa siku ya 7 ili kujua mapema kama kazi inaenda vizuri, tatu zinavunjwa siku ya 28, na hizo za mwisho ndizo zinazohukumu. Mashine inazikamua polepole mpaka zipasuke, na inaandika nguvu iliyofikiwa. Nguvu hiyo inagawiwa kwa uso wa silinda, milimita za mraba 20 106, na jibu linaitwa megapaskali, kwa kifupi MPa.

MPa 20 ni karibu kilo 200 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Tuseme mifuko minne ya simenti ya kilo 50 imesimama juu ya ukucha wa kidole gumba, na ukucha usivunjike. Silinda yenye 14,2 haifikishi hata mifuko mitatu.

Kule kijijini hakuna mashine ya namna hiyo. Kampuni moja ya ujenzi ilileta yake Kasongo kwa kazi zake, na shantie ndogo za jirani zinaombea nafasi pale. Silinda moja ina uzito wa kilo 15 na zaidi. Tatu zikifungwa kwenye pikipiki, pamoja na dereva, kwa barabara ya Kabambare wakati wa mvua, mtu anaelewa kwa nini watu wa shantie wanapenda kuamini karatasi ikirudi nzuri. Hakuna anayetaka safari hiyo mara ya pili.

Kijana wa laboratwari ana miaka ishirini na kitu. Alisoma ujenzi, akajifunza kompyuta kwa kuangalia wengine. Laboratwari yenyewe ni chumba kimoja chenye mashine, pipa la maji, meza, na kompyuta ya kubeba ambayo betri yake haishiki tena. Umeme ni wa paneli za jua asubuhi, na wa jenereta kama kuna mafuta. Mashine imeungwa na kompyuta kwa kamba, na programu yake inaandika kila jaribio katika faili: saa, mwendo wa kukamua, mstari unaopanda mpaka silinda ivunjike, na namba ya mwisho.

Karatasi ya mama ilipofika, hakukasirika. Aliinama juu ya kompyuta, akafungua Excel aliyoitumia kutoa karatasi. Fomula ilikuwa ile ile ya kila siku, MOYENNE, na safu zote tatu zilikuwa ndani yake. Alihesabu kwa simu yake naye akapata 19,2. Alibonyeza fomula tena, Excel ikarudia 21,7. Alikaa hivyo karibu nusu saa, akishuku kompyuta, akishuku virusi, mpaka jicho lake likaona jambo dogo: 21,0 na 22,4 zilisimama upande wa kulia wa vyumba vyao, lakini 14.2 ilisimama upande wa kushoto.

Wale wanaotumia Excel kila siku wanajua maana yake. Namba husimama kulia, maneno husimama kushoto. Kompyuta nyingi za kwetu zimepangwa kwa Kifaransa, na katika Kifaransa sehemu ya namba hutengwa kwa koma, si kwa nukta. Programu ya mashine, kwa upande wake, inaandika kwa nukta kama Waingereza na Wamarekani. Silinda ya kwanza ilipovunjwa, kijana alinakili namba moja kwa moja kutoka faili ya mashine: 14.2, na nukta yake. Kisha mafuta ya jenereta yakaisha. Silinda mbili za mwisho zilivunjwa jioni, baada ya mafuta kupatikana, naye akaandika matokeo yake kwa mkono, kutoka daftari, kwa koma kama alivyofundishwa shuleni. Kwa Excel, 14.2 haikuwa namba. Ilikuwa neno, kama vile mtu ameandika «muhogo» katika safu ya hesabu. Na fomula ya MOYENNE ikikuta neno ndani ya safu inaliruka, bila kelele, bila alama nyekundu. Ilijumlisha 21,0 na 22,4, ikagawa kwa mbili.

Silinda iliyorukwa ndiyo ilikuwa dhaifu. Kama nukta ingeangukia 22,4, wastani ungeshuka, watu wangeshtuka na kutafuta kosa. Iliangukia ile isiyotakiwa, na karatasi ikatoka nzuri kuliko ukweli. Makosa ya namna hii hayatafutwi na mtu, kwa kuwa yanafurahisha kila mmoja: mjenzi, fundi wa paa, hata wazazi.

Na si wastani peke yake. Sheria za beto zinazofuatwa Ulaya, ambazo mikataba mingi ya kwetu inaziiga, zinaangalia pia kila silinda peke yake. Hata wastani ukiwa mzuri, hakuna silinda inayoruhusiwa kushuka zaidi ya MPa 4 chini ya kiasi kilichoombwa. Palipoombwa 20, mpaka ni 16. Ile ya 14,2 ilikuwa imeanguka tayari, na kijana angeiona siku ile ile kama angesoma namba zake moja moja badala ya kuangalia mstari wa mwisho.

Habari ilipofika kwenye shantie, mtu mmoja wa pale alitoa shauri ambalo wengi wamewahi kulisikia: silinda ile bila shaka iliharibika barabarani, basi ifutwe tu, zibaki mbili. Huenda hata alikuwa na haki. Silinda inaweza kupasuka ndani kwa kurushwa rushwa juu ya pikipiki. Uso wake usipokuwa sawa, mashine inaiuma pembeni na inavunjika mapema, hata kama beto ni nzuri. Lakini kufuta 14,2 kwa makusudi kungetoa karatasi ile ile iliyotolewa na nukta, 21,7. Kijana alikataa. Alisema atafungua faili ya mashine, aangalie mstari wa silinda ile ulipanda namna gani, ndipo atajua kama ni silinda iliyokuwa mbaya au ni beto yenyewe.

Faili haikuwapo.

Hapa ndipo hadithi hii inawahusu watu wengi kuliko wale wa beto. Programu ya mashine inatoa majina yenyewe: Test001, Test002, Test003. Hakuna jina la kijiji, hakuna jina la nguzo, hakuna umri wa silinda. Ndani ya kompyuta ile betri ndogo inayolinda saa, ile inayofanana na kifungo cha shati, ilikuwa imekufa. Kila mara umeme ukikatika, kompyuta inaamka ikidhani iko mwaka ilipotengenezwa. Programu nayo, baada ya kuzimika ghafla, ilianza kuhesabu upya toka 001. Jioni ile, silinda ya pili ilipovunjwa, kompyuta iliuliza kwa Kifaransa kama ibadilishe faili iliyokuwapo. Kijana, akiwa na haraka na mafuta yakiwa kidogo, alibonyeza ndiyo. Test001 ya asubuhi, yenye mstari wa silinda dhaifu, ilifunikwa na Test001 ya jioni.

Vipande vya silinda yenyewe vingeweza kusema kitu. Beto iliyovunjika vizuri huacha umbo la koni mbili zinazogusana kwa ncha. Ila vipande vilikuwa vimetupwa zamani kuziba shimo mbele ya mlango.

Enjenia aliyepigiwa simu Kindu aliomba atumiwe zile faili mbili zilizobaki. Zilitumwa usiku, mtandao ulipolegea. Asubuhi alijibu kwamba hazifunguki: kompyuta yake haina programu ile, na Windows inamwuliza anataka kuzifungua kwa nini. Alijaribu kwa Word, akaona herufi za ajabu. Mwishowe kijana alipiga picha kioo cha kompyuta kwa simu na kutuma picha. Kuna watu wanacheka wakisikia hivyo, lakini picha ya kioo ilikuwa ndiyo ushahidi wa kwanza katika habari hii yote uliofika mahali ulipotumwa na kusomeka.

Kilichookoa kazi ni daftari. Kabla ya kuandika chochote kwenye kompyuta, kijana ana desturi ya kuandika kwa kalamu nguvu iliyoonyeshwa na mashine, pamoja na alama iliyochorwa juu ya silinda. Kwenye ukurasa ule kulikuwa: N7, kilonyutoni 285,5; N3, 422,2; N11, 450,4. Ukigawa hizo kwa uso wa silinda unarudi kwenye 14,2 na 21,0 na 22,4. Namba zilikuwa za kweli basi. Na tena ilijulikana silinda dhaifu ilitoka wapi: beto ya nguzo ya saba. Mafundi wa kijijini walikumbuka siku ile vizuri. Mvua ilinyesha mchana, mchanga ukalowa, na aliyechanganya aliendelea kutia maji kwa kipimo kile kile kama vile mchanga ni mkavu. Maji yakizidi, beto inateleza vizuri kwenye mbao na kila mtu anafurahi. Udhaifu unakuja baadaye.

Enjenia aliomba sikilometa. Ni chombo cha mkono chenye springi, kilichobuniwa na Mswisi Ernst Schmidt mwishoni mwa miaka ya 1940. Kinagonga beto na kupima inavyorudisha pigo. Hakiwezi kusema MPa kwa uhakika kama mashine. Ila kinafaa sana kulinganisha nguzo na nguzo ndani ya jengo moja, na hicho ndicho kilichohitajika. Kilikodiwa, kikapanda pikipiki, na nguzo zote kumi na mbili zikagongwa mbele ya kamati ya wazazi. Kumi zilifanana. Ya saba na ya nane, zilizomwagwa mchana ule wa mvua, zilirudisha pigo dogo, na tofauti ilionekana hata kwa asiyejua kusoma chombo.

Zilivunjwa. Mjenzi alitoa simenti na vyuma, wazazi wakatoa mchanga, mawe na maji. Palikuwa na manung'uniko. Mzee mmoja aliuliza kwa nini majengo ya matofali ya kuchoma ya Mapadri Weupe pale Kasongo yamesimama miaka yote bila kompyuta. Swali lake si la kupuuzwa, ila kuta zile ni nene na zinabeba kwa unene. Nguzo nyembamba ya beto haina akiba hiyo: ikiwa dhaifu, paa la mabati na upepo wa mwezi wa kumi vinaijua kabla ya mtu yeyote. Na chini ya paa lile watakaa watoto.

Mama mweka hazina, yeye, hakuwa na neno na mzee. Alimwambia kijana kwa simu: «Mwanangu, mimi sikukushinda akili. Ni kwamba nimezoea kuhesabu pesa za watu.» Kijana akajibu: «Aksanti Mama. Nitakuletea karatasi nyingine mwenyewe.»

Kusini mwa Maniema shantie zimeongezeka, hasa tangu serikali ilipoleta mpango wa kuendeleza teritwari 145 za nchi, ambazo saba ni za jimbo letu: Kabambare, Kasongo, Kibombo, Kailo, Pangi, Punia na Lubutu. Shule hii haimo katika mpango huo, ila taabu ya faili ni ya wote. Beto ikishafunikwa na chokaa hakuna anayeiona tena. Wajenzi wanahama, silinda zinavunjwa, mifuko ya simenti inakuwa mikoba ya sokoni. Baada ya miaka mitano, ufa ukitokea, kitakachosema nini kiliwekwa ndani ya nguzo ni karatasi na faili.

Kasongo yenyewe ina mfano wa zamani wa kutunza matokeo. Kuanzia mwaka wa 1971, mradi wa afya uliofanywa hapa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ulikuwa ukiandika wagonjwa na watoto kwa uangalifu. Mwaka wa 1981 gazeti la waganga la Uingereza, The Lancet, lilichapa uchunguzi wa kundi hilo juu ya chanjo ya surua na maisha ya watoto wa Kasongo wa miezi 7 hadi 35. Uchunguzi ule ulijadiliwa mbali sana na hapa, na bado jina la mji wetu liko katika vitabu vya afya ya jamii. Kazi hiyo ilifanyika bila kompyuta ya kubeba wala flashi. Ilifanyika kwa mtu kuandika jina, tarehe na mahali, na mwingine kuweza kuyapata baadaye.

Siku hizi katika kile chumba cha Kasongo mambo yamebadilika kidogo. Betri ya saa imenunuliwa, bei yake haifiki ya chupa ya bia. Faili haiachiwi tena jina la Test: inaanza na mwaka, mwezi na siku, kisha kijiji, nguzo, na umri wa silinda, ili hata saa ya kompyuta ikidanganya, jina lisidanganye. Faili ya mashine haiguswi baada ya kuandikwa. Anayetaka kufanya hesabu anachukua nakala, kwa kile kifungo cha «Enregistrer sous» ambacho wengi wanakipita wakibonyeza «Enregistrer» tu na kufunika kazi ya jana. Nakala moja inakaa kwenye flashi ambayo haitoki chumbani, kwa sababu flashi zinazozunguka kwa watu wa fotokopi zinarudi na virusi vinavyogeuza kila kabrasha kuwa njia ya mkato. Nyingine inakaa kwenye simu. Kindu wanatumiwa PDF pamoja na faili ya mashine, ili wasome hata kama programu hawana. Na kabla ya kutoa karatasi, kijana anauliza Excel imehesabu namba ngapi. Kuna fomula ya hilo, inaitwa NB. Kama silinda ni tatu na NB inasema mbili, haprinti.

Daftari limebaki mezani, na mtu mmoja aliyesema sasa halina kazi alijibiwa kwa kucheka.

Silinda za nguzo mbili mpya zilivunjwa siku ya 7, zikatoa 15,1 na 15,6 na 14,8. Kwa umri huo ni matokeo mazuri, kwa sababu beto ya kawaida siku ya 7 huwa imefikia karibu theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28. Mama aliletewa karatasi, akazihesabu kwa simu mbele ya kijana, akapata 15,2, akaandika katika daftari lake chini ya michango ya mchanga. Fundi wa paa amerudi kwao kungoja siku ya 28. Mbao zimepangwa ndani ya kanisa, watoto wanasomea kwenye upande uliobaki, na aliyeazima pikipiki kwa safari ya kwanza ameshaombwa aiazime tena.